Pengo la Delphin

Butembo, 6 Oktoba 2002

Shemeki Hulda,

Salamu nyingi kwako, kwa Jemima na kwa mdogo wake Mumbere. Barua hii inakuja na Kambere, dereva wa lori la maharagwe, pamoja na nusu gunia la viazi vya Musienene. Mwambie ashushe viazi kwanza ndipo umpe chai, maana namjua.

Nakuomba ufungue redio Jumapili ijayo mchana, baada ya ibada, kama mchungaji wenu atakuwa amemaliza kuhubiri kufikia saa hizo. Redio yetu ya hapa inafika Beni siku ambazo kilima hakina mawingu. Watapiga wimbo wa baba. Unajua bendi yangu, Orchestre Brouillard, ilikuwa imekwisha tangu magitaa yetu yalipoporwa, lakini besi yangu ilipona kwa sababu nilikuwa nimeifukia kwenye pipa la mahindi, shingo tu ikabaki nje. Na wale wazee wa filimbi, vita vimewashusha kutoka kijijini kwetu Kipese mmoja mmoja, sasa wote wako hapa mjini wanaota jua na kulalamika. Nikawakusanya. Siméon akaleta ngoma yake ya tumba. Alhamisi tuliingia studio, yaani chumba kimoja cha redio chenye mablanketi ukutani, tukapiga mpaka jasho likaingia machoni.

Najua Delphin amekueleza mambo ya filimbi mpaka umechoka, lakini mimi ni mzee, niache niyarudie. Kwa baba yetu kila mtu ana filimbi moja, na kila filimbi ina sauti moja. Hakuna anayeweza kupiga wimbo peke yake. Wa kwanza anatoa yake, ananyamaza, wa pili anaingia, na wimbo unapita kati yao kama mtoto anayepokewa mkono kwa mkono. Nilipokwenda Kinshasa kijana nikasikia santuri za Kuba, nikasikia muziki wa biguine wa kule visiwa vya Antilles, halafu mwaka wa sabini na nne Wamarekani wakaja na soul na funk yao. Nilisimama uwanjani nikacheka peke yangu. Besi inasema neno moja, inanyamaza. Gitaa linasema neno moja, linanyamaza. Wenzangu walidhani ni kitu kipya kimeshuka na ndege. Mimi nilikuwa nimerudi Kipese, kwenye mlango wa baba.

Baba alituachia sheria moja. Sauti ya mtu aliye hai haijazwi na mwingine. Akisafiri, pengo lake linabaki wazi, na wengine wanalizunguka. Siku mkubwa wa filimbi akilijaza, kwa filimbi, kwa uzi wa gitaa au kwa mdomo, watu wetu wanajua huyo hayupo tena duniani. Mkubwa wa filimbi sasa ni mimi. Kwa hiyo sauti ya nne, ya mumeo na mdogo wangu, nimeiacha wazi. Delphin alikwenda Kasugho mwezi wa sita na chumvi na sabuni zake za kuuza, njia zikafungwa nyuma yake, basi. Utasikia mwenyewe: ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya, ya tano. Nimepiga muziki maisha yangu yote na sijapata kupiga kitu kizuri kama kimya kile.

Ukungu haujaondoka hapa tangu Jumatatu. Asubuhi nakaa mlangoni, sioni barabara, nasikia tu chukudu za mizigo zinapita na magurudumu yao ya mbao, na nikisinzia kidogo naona kwamba ndani ya weupe ule kuna Kinshasa, kuna bahari ambayo sijawahi kuiona, kuna mdogo wangu anatembea polepole kama kawaida yake. Nikiamka naona ua wa jirani. Inanisikitisha kila mara.

Shemeki wako,
Mathe Zacharie
Mkuu wa Orchestre Brouillard (isiyo na hata kipaza sauti)


Beni, 14 Oktoba 2002

Shemeki Mathe,

Viazi vimefika. Kambere alikunywa chai kwanza.

Nilifungua redio. Watu wa Kipese ni wengi Beni sasa, na redio yangu ndiyo yenye betri mpya, kwa hiyo ua ulijaa. Wimbo ulianza nikafurahi, sikufichi. Besi yako ilinisahaulisha kwamba mimi ni kiongozi wa kwaya na watu wananitazama. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya. Jemima akanong'ona, "Pale ni papa." Nikamwambia ndiyo, pale ni papa.

Halafu katikati, pale tumba inapopungua, ya nne ililia. Ikalia tena. Ikaendelea kulia mahali pake mpaka mwisho wa wimbo. Nimefundisha kwaya miaka mingi, siwezi kudanganyika. Haikuwa filimbi, ilikuwa kitu kizito cha chini, lakini ilikuwa sauti ya mume wangu mahali pa mume wangu.

Mama Agar, yule mzee jirani wa baba yenu, akavua kitambaa chake cha kichwa. Akaniuliza, "Mama Jemima, ju ya nini wimbo imejaa?" Nikasema sijui. Akasema, "Mutu wa kujaza ni Mathe tu. Mathe akijaza, ni kusema mutoto yetu amekufa." Akaanza kulia, na wote wakalia. Kabla jua halijatua mikeka ilikuwa imetandikwa na Baba mdogo Ézéchias, mzee wa ukoo wenu, amefika kutoka mtaa wa Boikene na kiti chake cha kukunja, kuongoza matanga.

Mimi sikulia. Nilipika, kwa sababu watu wanaokuja kulia wanakula.

Sasa niambie wazi. Umepata habari gani kutoka Kasugho? Kama umeipata, kwa nini nimeisikia pamoja na majirani, kati ya tangazo la sabuni na tangazo la mbuzi aliyepotea? Na kama hukuipata, kwa nini uliijaza?

Hulda, mke wa Delphin


Butembo, 19 Oktoba 2002

Shemeki yangu Hulda,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini. Sina habari yoyote. Kasugho imenyamaza kwangu kama ilivyonyamaza kwako.

Nilisema moyoni kwamba umekosea, kwamba redio ilikuwa inakwaruza. Nikachukua fimbo nikapanda kilima mpaka redio, nikamwomba fundi anirudishie kaseti. Hukukosea. Ni kidole gumba changu, kwenye uzi wa tatu. Ningekitambua hata ningekisikia kaburini.

Nimekaa siku mbili nikikumbuka, na hii ndiyo yote niliyoipata. Usiku wa kuamkia Alhamisi ile sikulala vizuri. Chumba kilikuwa na joto la mablanketi, nikafumba macho ili nisikie wazee vizuri. Nikajikuta Matonge, kule Kinshasa, kwenye baa tuliyokuwa tukipiga zamani, lakini paa lilikuwa limeondolewa na ukungu wa Butembo ulikuwa unaingia taratibu kati ya wachezaji, na wao wanaendelea kucheza huku wanautawanya kwa mikono. Delphin alikuwa amekaa juu ya sanduku la ampli. Alikuwa mdogo, umri wa Jemima, anatikisa miguu. Kila aliponitazama nilimjibu kwa besi, tukawa tunacheka. Ilikuwa furaha kubwa, shemeki, sijapata furaha kama hiyo tangu vita vianze. Kumbe nilikuwa nimesinzia, na huku nje kidole kilikuwa kinamjibu kweli.

Nilimkasirikia Siméon. Kwa nini hakunistua? Akainamisha kichwa. "Vieux, mzee wangu, miye nilizania ulipata habari. Nikaogopa kukuuliza." Na wale wazee wote wanne walidhani hivyo hivyo. Walinipa mkono wakati wa kutoka, na mimi nikafikiri wananipongeza.

Nitakuambia na hili, kwa sababu huna mwingine wa kukuambia ukweli na mimi sina mwingine wa kumwandikia. Naogopa. Naogopa kwamba kidole kinajua kitu ambacho mimi sikijui. Mchana najicheka. Kidole ni nyama na kucha. Lakini tangu nisikie kaseti ile sijagusa besi.

Mwonyeshe Baba mdogo mstari huu: Mimi Mathe, mkubwa wa filimbi, nasema sauti ya nne ilijazwa kwa kosa la usingizi. Delphin hajatangazwa. Matanga yaondolewe.

Mathe Zacharie


Beni, 27 Oktoba 2002

Shemeki Mathe,

Nilimsomea Baba mdogo mstari wako mara mbili mbele ya watu. Alisikiliza kwa heshima. Kisha akasema, "Karatasi hapana. Ile kintu ilifanywa na sauti, na sauti ndiyo itaitoa. Mathe akuje hapa, apige mbele ya batu yote, tusikie pengo na masikio yetu. Asipokuja, donc ni kweli, na anaona haya kutuambia."

Amepanga kufunga matanga Jumamosi ya pili ya Novemba. Baada ya hapo mimi ni mjane. Nyumba hii itapewa mrithi wa ukoo, watoto watapelekwa kwa shangazi yao, na mimi nitaulizwa kama nataka kubaki kwa mmoja wa ndugu zako au kurudi kwetu. Anayasema haya kwa upole, anachora chora vumbini kwa fimbo yake.

Usimwone ni mtu mbaya. Dada yake na watoto wake walikuwa upande wa Mambasa vita vilipofika kule, na hakuna anayejua walipo. Jana nilimkasirikia, nikamwambia anamzika mtu ambaye bado ana miguu ya kurudi. "Nimengojea batu mingi, binti yangu," akasema. "Huyu mumoja, acha tumulilie." Nikamletea maji ya kunywa.

Lakini sitavaa nguo ya matanga. Bado navaa kitenge cha njano alichoninunulia Delphin, na wanawake wa mikekani wananisema kwa sauti ya kutosha ili nisikie. Kanisani wananipisha njia kama mgonjwa. Kila siku watu wanaingia mjini kutoka magharibi na magodoro vichwani, na mimi naenda kusimama barabarani kuwatazama mmoja mmoja usoni. Jemima ananiuliza kama papa amekufa au hajafa, na anataka jibu moja. Sina. Nimechoka, shemeki, na nina hasira na wewe, na hakuna mtu mwingine anayeweza kunisaidia isipokuwa wewe.

Njoo upige wimbo na pengo lake. Usiniandikie kwamba magoti yako mabovu hayawezi safari.

Hulda, mke wa Delphin


Butembo, 4 Novemba 2002

Shemeki,

Nilikuwa nimeshaandika ukurasa mzima kuhusu magoti yangu. Nimeuchana.

Nakuja. Kambere anatupakia Ijumaa, mimi na Siméon na wazee wanne wa filimbi, juu ya magunia. Anasema askari wa vizuizi wakitaka kujua tumebeba nini, atawaambia amebeba muziki wa kizamani, hakuna atakayetaka kuuiba. Utafute ampli. Kwaya yenu inayo, najua, niliisikia Pasaka iliyopita ikinguruma.

Jana niliigusa besi. Nilifungua macho wakati wote, nikamweka Siméon pembeni na kijiti cha kunichoma nikisinzia. Pengo lilikaa wazi. Linatisha kidogo ukilipiga ukiwa macho hivyo, kama kuvuka daraja lenye ubao uliotoka, lakini nitalivuka mbele yao wote.

Mwambie Jemima jibu ni moja: hajafa.

Mathe


Beni, 17 Novemba 2002

Shemeki Mathe,

Nashukuru Mungu mlifika salama kwenu. Kambere amenieleza mvua iliyowakuta njiani Kabasha na jinsi mlivyofunika tumba kwa turubai nanyi mkalowa.

Nataka nikuandikie Jumamosi ile ilivyokuwa kutoka pale nilipokaa mimi, kwa sababu wewe ulikuwa umefumbua macho lakini sidhani kama ulimwona mtu. Ua ulikuwa umejaa mpaka kwenye migomba. Ampli ya kwaya ilikuwa inatoa ile harufu yake ya moto. Wazee wakaanza, wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu nyote mkanyamaza. Mkono wako ulikuwa hewani. Nilisikia jenereta ya jirani. Nilisikia mtoto wa mtu anakohoa. Na ndani ya nafasi ile ndogo mume wangu alikuwa mzima. Wa tano akaingia, wimbo ukazunguka, ukarudi pale pale, na kila uliporudi alikuwa mzima. Watu wakaanza kutikisika. Mama Agar alicheza, yule yule Agar, na besi yako ikawa inamfuata kiunoni, hata mchungaji wetu aligonga mguu akidhani hatumwoni. Nilitamani usimalize. Nilitamani tukae humo ndani, sote, mpaka vita viishe.

Ulipomaliza Baba mdogo alisimama, akakunja mkeka wake mwenyewe. "Basi," akasema. "Tutangoja." Na watu wakaenda makwao. Nyumba ni yangu, watoto ni wangu, na mimi ni mke wa mtu. Ulifanya nilichokuomba.

Sasa nisikilize. Asubuhi ile, wakati unanawa, nilifungua kasha la besi ili nipanguse vumbi la njiani. Chini ya kitambaa kulikuwa na filimbi. Ina alama ya meno karibu na mdomo. Jemima aliiuma alipokuwa anaota meno, na Delphin hakukubali mtu aisugue. Aliondoka nayo mwezi wa sita, ndani ya shati, kama anavyokwenda nayo kila mahali hata kununua sukari.

Nikafunga kasha. Nikaenda kuweka ndizi motoni. Kisha nikaja nikakaa mbele, nikangoja kuona utafanya nini. Nilijua kwamba ukiijaza nitakuchukia mbele ya watu wote, na usipoijaza nitakuchukia peke yangu. Hukuijaza. Nikawa na furaha, shemeki, nikijua, kwa urefu wa wimbo mzima nilikuwa na furaha. Sijui hiyo inaitwa dhambi gani.

Ulipokuwa unakula nilifungua kasha tena. Usiitafute, iko kwangu.

Nani aliileta? Niambie yote. Usinipigie wimbo, niandikie.

Hulda


Butembo, 23 Novemba 2002

Hulda,

Nilijua kwamba umeichukua tangu Maboya, tukiwa njiani kurudi. Lori lilisimama, wazee wakataka kupiga kidogo kujipasha moto, nikafungua kasha na kukuta kitambaa kimekunjwa vizuri, kona kwa kona. Mimi sijawahi kukunja kitu namna ile. Nikafunga kasha nikasema kidole kinaniuma.

Aliyeileta ni Orpa, muuguzi wa kituo cha afya cha Kasugho. Alifika kwangu Alhamisi, siku moja kabla ya safari, kwa miguu, akipitia Musienene. Filimbi alikuwa ameificha ndani ya fungu la sombe, majani ya muhogo, ili asinyang'anywe njiani.

Delphin alikufa kwa homa mwishoni mwa mwezi wa nane. Dawa za kituo zilikuwa zimechukuliwa na wenye bunduki, na watu wote walikuwa wamehamia msituni, yeye pamoja nao. Hakuna aliyempiga. Hakufa peke yake. Orpa alikuwa ameshika kichwa chake. Wakamrudisha kijijini, wakamzika nyuma ya kituo, kando ya shamba la mihogo, na wakaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini kwa sababu ya wale wenye bunduki waliokuwa njiani. Aliwaambia wewe ni kiongozi wa kwaya. Alijisifu sana juu ya hilo.

Orpa ameniambia jambo moja ambalo simalizi kulifikiria. Kule msituni Delphin alikuwa akitoa filimbi jioni. "Anapuliza mara moja, ananyamaza, ananyamaza sana, kisha anapuliza tena. Siye tulizania ni homa. Tukamuuliza. Akasema, benzangu bako banaimba. Munyamaze, mutabasikia." Orpa anasema baada ya siku chache watu walikuwa wanakaa kando yake na kunyamaza, na kuna mama mmoja aliyeapa kwamba anasikia.

Nikamwuliza alikuwa anahesabu namna gani, anaingia wapi. Orpa akagonga gonga meza yangu kuonyesha. Ilikuwa sawasawa. Hakukosea hata zamu moja. Nimelia hapo, mbele yake, na yeye akawa ananipepea kwa gazeti kama mgonjwa wake.

Niliondoka Butembo nimeamua kuijaza. Nakuapia. Juu ya magunia yale nilikuwa najiambia, Mathe, wewe ndiye mkubwa, na hii ndiyo kazi ya mkubwa. Kisha nikafika uani kwako nikakuona na kitenge cha njano, Mumbere magotini, Baba mdogo na fimbo yake. Pengo likafika. Mkono ukainuka na ukakataa kushuka. Safari hii sikulala, sina cha kusingizia. Nilimtaka mdogo wangu awe hai mara moja zaidi, na tena mara moja zaidi, na wimbo wetu ni mrefu.

Nitakuja kumwambia Baba mdogo mwenyewe. Aibu ni yangu. Na filimbi ya nne inahitaji mtu, kwa sababu haiwezi kukaa bila pumzi. Mumbere bado ana meno ya maziwa. Nimefikiria mtoto wa kiume wa Baba mdogo Ézéchias, ana kifua kizuri na anapenda muziki. Niambie unaonaje, kisha umkabidhi filimbi.

Nisamehe, kama inawezekana.

Mathe


Beni, 8 Desemba 2002

Shemeki Mathe,

Usije kumwambia Baba mdogo. Nimeshamwambia.

Nilikwenda Boikene peke yangu baada ya ibada, nikaweka filimbi juu ya meza yake. Aliitambua. Akauliza, "Mathe alitudanganya?" Nikasema ndiyo, na mimi nilimsaidia, nilijua kabla hajaanza kupiga. Nilidhani atanifukuza. Alilia, mzee yule, akalia sana mpaka mke wake akatoka jikoni, na baadaye akasema, "Sasa tuko na mumoja mwenye tunajua kwenye alilala." Akaniuliza jina la Orpa ili amwombee. Kuhusu nyumba alifungua mdomo, akaniona nimechukua filimbi nikaishika kifuani, akaufunga. Najua ataufungua siku nyingine. Nitakuwepo.

Jemima nimempa jibu lake moja. Siwezi kukuandikia hilo.

Nimeshavaa nguo nyeusi. Kitenge cha njano nimekikata, nusu ya Jemima na nusu ya Mumbere, wanalala nacho.

Sasa juu ya filimbi. Mtoto wa Ézéchias ni kijana mzuri na simpi. Kila siku watoto wakienda shule nafunga mlango na kupuliza. Wiki ya kwanza ulitoka upepo mtupu. Wiki hii imelia. Ni sauti moja tu, shemeki, na ninyi wanaume mliitengenezea siri kubwa kiasi kile. Meno ya Jemima yako chini ya mdomo wangu, nayasikia. Kupuliza si kazi. Kazi ni kukaa kimya mpaka zamu yako na usichelewe, na hiyo nimeifanya tangu mwezi wa sita, hakuna mwanaume kwenu aliyeifanya zaidi yangu.

Baba mdogo alisema mwanamke hajawahi kushika filimbi ile. Nikamwambia hata mume wangu hakuwahi kufa kabla ya hapa. Wewe usiniulize kama inaruhusiwa. Sikukuandikia kuomba.

Matanga yatafungwa hapa kwangu Jumamosi tarehe ishirini na moja. Mlete Siméon na tumba, walete wazee wote, mlete na Orpa kama anaweza kutembea. Ampli ipo. Piga kama ulivyopiga siku ile, usipunguze kitu, nataka Mama Agar acheze tena. Ukifika kwenye ya nne, nyamaza kabisa. Nitaingia mimi.

Hulda, mjane wa Delphin